Barua ya wazi kwa wanaopima mbwa: Watasema, mbwa wa baba, hakuwa mkali

Kwa wasimamizi wa vituo vya kutunza mbwa, madaktari wa mifugo na maafisa mifugo wa Nyanda za Juu Kusini.

YAH: SIKU NA NAMNA YA KUMPIMA TABIA MBWA ALIYEKABIDHIWA NA MWENYEWE

Nawasalimu kwa heshima. Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Nina karatasi moja hapa mezani. Ni nakala ya fomu ya makabidhiano ya mbwa, niliyopewa katika kituo kimoja cha huku kwetu nilipokwenda kuuliza habari za mbwa wa marehemu baba. Ukurasa wa mbele umejaa: jina langu, namba ya simu, rangi ya mbwa, jinsia, umri wa kukadiria, sababu ya kumtoa. Ukurasa wa nyuma una kichwa kinachosema "Historia na tabia za mbwa nyumbani". Chini yake kuna mistari kumi na miwili, na yote ni mitupu.

Kwa sababu ya mistari hiyo mitupu, mbwa amekufa. Nimeipima sentensi hii kwa siku nyingi kabla ya kuiandika, na sioni namna ya kuipunguza makali.

Mbwa mwenyewe aliitwa Watasema. Mnajua kwetu mbwa hupewa jina la kumfikishia mtu ujumbe. Baba alimpa hilo alipowaachia ndugu zake shamba la Rungwe akaja kujenga kijumba chake Uyole, na walisema kweli. Mama alikuwa ametangulia. Sisi watoto tumetawanyika, mimi ndiye niliyekuwa karibu, na hata hivyo nilikuwa nafika Jumapili kwa Jumapili. Siku nyingine zote za wiki baba alikuwa na Watasema, miaka sita mfululizo. Alikula naye, alizunguka naye kwenye viazi na mahindi, na jioni alizungumza naye kibarazani kama anavyozungumzwa mtu.

Baba alifariki mwezi wa nne. Ukoo ulikaa, ikaamuliwa nyumba ipangishwe ili kodi imsomeshe mdogo wetu wa mwisho. Wapangaji hawakutaka mbwa. Mwenye nyumba wangu hapa Soweto, Mbeya, naye hataki mbwa, kuku wala paka, na hilo liko kwenye mkataba. Jirani wa baba, mama mwema sana, alimhifadhi miezi miwili pamoja na mbwa wake watatu, mpaka akaniambia kwa upole kwamba chakula kimemshinda. Ndipo mwezi wa sita, Jumatatu alasiri, nikampakia kwenye bajaji nikamleta kituoni.

Nilipokelewa vizuri, sina budi kusema hivyo. Mhudumu alikuwa kijana mpole, akamwekea maji, akanipa fomu. Nilijaza mbele, nikaigeuza, nikauliza huku nyuma niandike nini. Akanijibu, "Huko si lazima dada, tutamsoma wenyewe." Bajaji ilikuwa inapiga honi nje, machozi yalikuwa yananilenga, nikaweka sahihi nikaondoka. Sehemu yangu ya kosa hili iko pale, na ninaibeba.

Alipimwa tabia Jumanne asubuhi. Hakuwa amemaliza hata saa ishirini na nne. Ijumaa alipigwa sindano ya kifo. Mimi nilipata habari wiki iliyofuata, nilipokwenda na koti la baba nikidhani litamfaa kulalia.

Naomba mnivumilie, maana nataka tusome wote matokeo ya kile kipimo, mstari kwa mstari, mkiwa nami ninayemjua.

Mstari wa kwanza unasema: "Hatii amri yoyote." Aliambiwa "Kaa!", aliambiwa "Njoo!", akabaki anatazama. Ndugu zangu, baba hakuwahi kumsemesha Watasema Kiswahili hata siku moja. Alimwambia isa, akaja mbio. Alimwambia tugala pasi, akaketi hapohapo hata kama pana matope. Alimwambia buka, akatoka jikoni bila kinyongo, ameinamisha masikio. Mbwa yule alikuwa na Kinyakyusa chake chote, na katika mkoa ambao nusu ya wazee wetu wanaongea na mifugo yao kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha au Kimalila, hakuna aliyefikiria kuuliza anasemeshwaje nyumbani. Akaandikwa mjinga na mkaidi.

Mstari wa pili: "Anakenua meno na kunguruma mpimaji anapochutama." Nilimuuliza yule kijana kwa nini mpimaji alichutama. Akanieleza kwamba ndivyo maelekezo yanavyosema: jishushe, usimsimamie mbwa kwa juu, aone unakuja kwa amani. Ni maelekezo mazuri, kwa mbwa wa mahali ambapo hakuna anayewapiga mawe. Lakini nani kati yetu hajawahi kuinama barabarani akijifanya anaokota jiwe? Mtoto wa miaka mitano wa Mwanjelwa anaijua mbinu hiyo, na mbwa wa Mwanjelwa anaijua zaidi yake. Kwa mbwa wa huku, mtu asiyemfahamu akishuka na kupeleka mkono chini, kinachofuata ni jiwe la mbavu. Watasema alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto la jiwe la namna hiyo, alilolipata akiwa mdogo njiani kwenda sokoni. Mpimaji alijishusha kwa nia njema, na mbwa akasoma kile alichofundishwa na watoto wetu.

Tena angalieni alichofanya. Fomu yenyewe inasema alirudi nyuma mpaka kona ya banda ndipo akakenua. Hakuruka wala hakuuma. Kukenua ni lugha. Mbwa anayenguruma kwanza anakuomba umpe nafasi ili asilazimike kukuuma, na ukimwadhibu kwa kunguruma unamfundisha kwamba ombi halisaidii.

Mstari wa tatu ndio uliommaliza: "Analinda chakula kwa ukali, amng'ata mpini." Kumbe aliwekewa bakuli, akaachwa aanze kula, kisha ukaingizwa mpini wa ufagio kulisogeza bakuli akiwa bado anakula. Najua kipimo hiki kimetoka wapi. Huko Marekani vituo vingi vilikuwa vikitumia mkono wa bandia uliofungwa kwenye fimbo, mbwa akila wanamsukuma nao usoni. Huku mkono wa bandia haupo, ukatumika ufagio. Sasa ninyi wenyewe mniambie mbwa wa uswahilini anajua ufagio ni wa kazi gani. Na mngeniuliza, ningewaambia kwamba miezi ile miwili kwa jirani alikuwa anakula ugali wa sufuria moja na mbwa watatu wenye kwao, wakubwa kuliko yeye, na siku aliyochelewa kuingiza kichwa alilala njaa. Kwa baba alikuwa anapewa tonge kutoka mkononi. Nimeona kwa macho yangu baba akimtoa mfupa mdomoni kwa vidole viwili kwa sababu ulikuwa na ncha, na Watasema akiuachia, akisubiri ukaguliwe kama mtoto anayesubiri kutolewa mwiba.

Mstari wa mwisho, "Halali, analia usiku," nitaupita haraka. Ulikuwa mwezi wa sita, na Mbeya ya mwezi wa sita mnaijua. Alizoea kulala kwenye majivu ya vuguvugu ya jiko la kuni. Alilazwa kwenye saruji.

Chini kabisa kumeandikwa: "Maoni: mkali, hafai kupewa familia."

Waheshimiwa, ninyi ndio mnaotukusanya kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mkatufundisha kwamba mbwa aliyemuuma mtu, akiwa anaonekana mzima na anaweza kufungiwa, asiuawe bali aangaliwe siku 10. Mmetufafanulia na sababu: virusi vinaingia kwenye mate ugonjwa ukiwa umekaribia kujitokeza, kwa hiyo mbwa aliyekuwa na hatari siku ya kuuma ataonyesha dalili au atakufa ndani ya siku hizo. (Aliyeumwa hangojei siku 10, hili nalirudia kwa faida ya anayesoma: anaosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, na siku hiyohiyo anakwenda hospitali kwa ajili ya chanjo, maana dalili zikishatokea kwa binadamu hakuna tiba.) Basi mbwa aliyemuuma mtu anapewa siku 10 ili mwili wake useme ukweli. Watasema hakumuuma mtu. Tabia yake ilipewa asubuhi moja.

Na kwamba asubuhi ya kwanza haisemi ukweli, wataalamu walishalionyesha zamani. Mwaka 1997 watafiti wa jimbo la Ohio, Marekani, walipima damu za mbwa waliokuwa kituoni, wakiangalia kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga mnyama anapokuwa na hofu au dhiki. Mbwa waliokuwa katika siku tatu za mwanzo walikuwa nayo juu kuliko mbwa waliokwishakaa zaidi ya siku 9, na juu kuliko mbwa wa majumbani. Anayempima mbwa siku ya pili anaipima hofu ya kuachwa. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Gary Patronek na Janis Bradley, waliandika kwamba vipimo hivi vya kumchokoza mbwa kituoni ili kutabiri atakuwaje nyumbani havizidi kurusha sarafu. Na kuhusu chakula hasa, mwaka 2018 zilichapishwa habari za vituo 9 vya Marekani vilivyoacha kipimo cha bakuli kwa miezi miwili ili kuona kitakachotokea: majeraha kwa wafanyakazi na kwa familia zilizochukua mbwa hayakuongezeka kwa namna ya kutia wasiwasi. Wenye kipimo chao wameanza kukiweka chini, nasi huku ndio tunakiokota, tena kwa mpini wa ufagio.

Sisemi kwamba kila mbwa apelekwe nyumbani kwa watu. Nina watoto wawili. Yuko mbwa ambaye hata mwezi mzima haumtoshi, anayerukia bila kuonya, na mtu akiamua kwa machungu kwamba huyo apumzishwe, sitamnyooshea kidole. Najua pia mazingira mnayofanyia kazi: mabanda machache, mgao wa unga na dagaa unaohesabiwa, wahudumu wawili kwa mbwa wengi, na kila wiki kuna gunia la watoto wa mbwa lililotupwa getini usiku. Banda linalokaliwa siku kumi na mmoja linawanyima wengine. Haya yote nimeyaona, na yule kijana aliyenikabidhi mkanda wa Watasema alikuwa analia kuliko mimi. Mkanda wenyewe baba aliukata kwenye mpira wa ndani wa pikipiki, akautoboa kwa msumari wa moto. Uko hapa juu ya fomu ninapoandika.

Lakini mbwa aliyeokotwa barabarani na mbwa aliyeletwa na mwenyewe ni watu wawili tofauti, mniwie radhi kwa kuwaita watu. Wa barabarani hamna wa kumuuliza. Huyu wa pili amekuja na shahidi. Shahidi amesimama mezani kwenu, ana kalamu mkononi, anajua mbwa anaogopa nini, anapenda nini, aliumwa lini, alichanjwa lini. Kumuuliza hakugharimu unga wala dawa. Kunagharimu dakika kumi na tano.

Kwa hiyo naomba, na ninaomba kwa wote wenye mabanda kuanzia Mbeya hadi Iringa na Njombe, ule ukurasa wa nyuma uwe wa lazima. Mwenye mbwa asiyejua kuandika aulizwe kwa mdomo, mhudumu aandike. Aulizwe kwanza mbwa anasemeshwa kwa lugha gani, na yale maneno matatu manne anayoyajua yaandikwe kwa chaki kwenye mlango wa banda lake ili kila anayempelekea chakula ayatumie. Aulizwe alikuwa anakula wapi na nani, analala wapi, amewahi kupigwa kwa kitu gani. Aombwe aache nguo moja yenye jasho la nyumbani. Hata khanga iliyochanika inatosha.

Usiku tatu za mwanzo zisiwe na kipimo chochote. Alishwe na mtu yuleyule, kwa saa zilezile, awekewe maranda au nyasi kavu mahali pa kulala, na atazamwe tu. Mhudumu anayempelekea ugali asubuhi na jioni kwa siku hizo ataona mengi ambayo ufagio hauyaoni. Kipimo kikifika, kifanywe na watu wawili, siku mbili tofauti, na bakuli liachwe lilivyo. Anayelinda chakula kituoni anaweza kulishwa peke yake, basi; familia itakayomchukua iambiwe hivyo.

Na kabla ya sindano, pigeni simu. Hili nalisisitiza kuliko yote. Namba yangu ilikuwa pale mbele, imeandikwa kwa herufi kubwa. Shangazi yangu wa Tukuyu ana shamba la migomba na hana mbwa, nilipompelekea habari aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia mimi?" Sikuwa nimemwambia kwa sababu niliona aibu kumbebesha mzigo wa kaka yake aliyekwisha kufa. Ningepigiwa simu Alhamisi na kuambiwa kesho anakufa, aibu ile ingeniisha palepale, na Watasema angekuwa kwenye migomba jioni hiyo. Wapo wengi kama mimi. Mtu anayemleta mbwa kwa miguu yake, badala ya kumfungulia mnyororo usiku kwenye barabara ya Tunduma, bado anamjali. Mpeni nafasi ya mwisho ya kusema ndiyo au hapana.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawataka wanaoitekeleza watambue kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Ninyi ndio watekelezaji. Nanyi maafisa mifugo wa halmashauri, vituo hivi vinajaa kwa sababu majike yanazaa ovyo mitaani na chanjo inafika kata hii ikiruka ile. Mnatuambia wenyewe kwamba kichaa kinakatika mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa. Ratiba ya chanjo ikitangazwa mapema misikitini, makanisani na kwa wenyeviti wa mitaa, tutawaleta. Watasema alikuwa na kadi yake, amechanjwa kila mwaka, baba aliiweka ndani ya Biblia. Hata hiyo kadi hakuna aliyeiulizia.

Nimeomba ile fomu irudishwe kwenye jalada lake ikiwa kamili. Nimekubaliwa. Jana usiku niliigeuza, nikaijaza, na mistari kumi na miwili haikutosha. Nimeandika hivi:

Jina lake Watasema. Ana miaka sita. Wa kahawia, kifua cheupe, kovu juu ya jicho la kushoto, ni la jiwe. Amelelewa na mzee mmoja aliyekuwa anamtembeza taratibu, kwa hiyo havuti kamba. Anasikia Kinyakyusa: isa ni kuja, tugala pasi ni kuketi, buka ni kutoka. Anakula ugali wa moto kidogo na dagaa, hapendi maharage. Mpe tonge kwa mkono, atalipokea kwa midomo. Hajawahi kuuma mtu. Anaogopa fimbo, ufagio na watoto wanaokimbia wakiwa kundi. Radi ikipiga anaingia chini ya kitanda, usimtoe. Akisikia mtu anakohoa usiku atakuja kulala mlangoni kwake, ndivyo alivyofanya miezi yote ya ugonjwa wa baba. Akikuogopa siku ya kwanza, usimwinamie. Keti kwenye kigoda, mpe mgongo, ongea na mwingine. Atakuja mwenyewe.

Mkazi wa Soweto, Mbeya